Matabishi Mbele

Ukitaka kumjua Adolphine wa Baraka, mji wa ziwani upande wa Kongo, usianze na sura yake. Anza na mdomo wake, maana ndio uliokuwa unafika sokoni kwanza, kapu likifuata nyuma.

Mwaka wa hamsini na sita alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke wa Norbert mvuvi, mama wa Roger na wengine wanne. Aliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa wanaoanikwa mchangani, na pembeni yake aliuza chumvi iliyovuka ziwa kutoka upande wa Kigoma. Ndagala zake hazikuwa na mchanga. Chumvi yake ilikuwa nyeupe. Kopo lake la kupimia halikuwa limebonyezwa chini kama makopo ya wengine ninaowajua. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamharibia biashara, nacho ni muuzaji mwenyewe.

Mnunuzi akiinama na kuminya samaki kidogo, basi!

"We mama, unamuminya kama munganga? Ule alishakufa, hatakuambia inamuuma wapi."

Mwanamume akiuliza bei mara ya pili, alijibiwa, "Baba, bei haijageuka tangu uvute ile pumzi ya mwisho."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakaenda kununua kwa mwingine. Kwa Adolphine walikuja kuchekea tu.

Sasa, kulikuwa na kikundi. Kila Alhamisi, saa tisa, wanawake saba wa soko la Baraka walikutana uani kwa Anastasie, muuza mawese. Anastasie alikuwa amesoma miaka minne kwa misioni na hakuwa mjinga hata kidogo, maana sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mdomo ukizungumza mikono iwe inamenya karanga. Karanga za nani? Za Anastasie. Kwa hiyo watu waliwaita Kikundi cha Karanga, na karanga za Anastasie hazikuchelewa kufika sokoni hata wiki moja.

Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Kila mmoja alikuja na maneno mawili. La kwanza ni neno la soko, namna fulani ya kuuza ambayo umeijaribu na wenzako wanaweza kuiiga. Godelieve wa sabuni, kwa mfano, ndiye aliyewafundisha kukata vipande vidogo nyumbani kabisa, kwa sababu mtu mwenye shida anaona haya kusema "nikatie kidogo." La pili ni neno la kujinyoosha, kitu kimoja ulichokirekebisha ndani yako mwenyewe wiki ile. Mmoja aliacha kutafuna muhogo akimhudumia mteja. Mwingine aliacha kusengenya kabla ya saa nne.

Na mwisho wa mwezi kulikuwa na tuzo. Sokoni, upande wa ziwani mahali mitumbwi inapofikia, palikuwa na nafasi moja chini ya paa, ya kwanza kabisa. Waliiita mlangoni. Mtu akishuka mtumbwini, jicho lake linaangukia pale. Wanawake saba walikubaliana kuikalia kwa zamu, lakini si zamu ya kupewa bure. Kila mmoja alitia karanga moja katika sahani ya yule anayemwona amesaidia wenzake kuliko wote, kwa neno la soko na kwa neno la kujinyoosha. Mwenye karanga nyingi anakaa mlangoni mwezi mzima.

Miaka mitatu ya kikundi, Adolphine hajakaa mlangoni hata siku moja. Alikuwa anaitamani ile nafasi kama mja mzito anavyotamani udongo. Hakusema, lakini kila Jumamosi alipopita pale na kapu kichwani alikuwa anapunguza mwendo.

Alhamisi moja ya kiangazi alifika uani akiwa anang'aa.

"Mi niko na neno," alisema hata kabla ya kukaa. "Juzi mama mukwe alikuya kwangu na hasira. Nilimuona tangu mbali, hata kitambaa alikuwa amekifunga na hasira. Kabla hajafungua mudomo, nikamuwekea kiazi ya moto mukononi. Muntu akishika kiazi ya moto, anagombana namna gani? Akapuliza, akakula, akaniuliza kama batoto ni bazima, akarudia kwake."

"Na ile hasira?" aliuliza Godelieve.

"Alirudia nayo. Mi sikuiona."

Ganda la karanga likaruka, wote wakacheka.

"Njo nikafikiri matabishi," aliendelea Adolphine. Hapo hakuhitaji kueleza, maana nani asiyejua matabishi? Muuzaji anapima, anamimina, halafu mnunuzi anasimama kama mlingoti na kusema, "Na matabishi?" Hapo vita inaanza juu ya konzi moja ya nyongeza, na hata ukitoa, unatoa umenuna. "Sisi tunaitoa nyuma, wakati muntu ameshachukia. Mi nasema tuitoe mbele. Akifika tu, mbele ya bei, mbele ya kupima, we mutilie kintu ndani ya kapu. Atapita namna gani na kintu yako ndani?"

"Na akipita nayo?" Huyo alikuwa Pulchérie, muuza unga wa muhogo, ambaye hakumwachia Adolphine sentensi ipite bila kuitegea mguu.

"Basi atapita na haya yake kichwani. Ni muzigo muzito kuliko unga yako."

Anastasie alikubali kwamba neno la soko lilikuwa zuri. "Na neno la kujinyoosha, yaya Adolphine?" alimwuliza kwa heshima, kama unavyomwita dada mkubwa.

"Sina."

"Wiki ya ngapi sasa?"

"Mi Mungu aliniumba nimenyooka. Muulize bale banapinda."

Wote wakamgeukia Pulchérie, na Pulchérie mwenyewe akajikuta amegeuka kuangalia nyuma yake.

Neno lile la soko lilifanya kazi, tusiseme uongo. Jumamosi ya kwanza Adolphine alimaliza kapu kabla ya jua la utosi. Mtu akisogea tu, konzi ya ndagala ilikuwa imeshatua kapuni mwake, na uso wake unalegea, na mkono unatafuta fundo la pesa kwenye ncha ya kitambaa. Jumamosi ya pili walianza kumwita Mama Matabishi-Mbele. Wenzake wakaiga, Godelieve kwa chembe za sabuni, Pulchérie kwa unga kidogo, huku akisema kwamba hata yeye aliwahi kulifikiria jambo hilo zamani. Mkono wa Adolphine ulijifunza kazi hiyo mpaka ukawa hauulizi kichwa tena.

Jumamosi ya tatu walishuka watu wa milimani.

Walikuwa wanashuka mara chache wakati wa kiangazi, wafugaji wanaosema Kinyarwanda, warefu na wenye sauti za taratibu, wakileta siagi na ndama wa kuuza. Walichokuja kutafuta ni chumvi ya ng'ombe wao, na nyingi. Wakishapata chumvi waliingia soko zima kununua unga, mawese na sabuni. Aliyewasemea katika kununua alikuwa mama mmoja, jina lake Mukarurangwa. Akisema chumvi hii ni nzuri, wote walinunua pale. Adolphine alikuwa ameshawaambia wenzake, "Bale bantu ba mulima bakinunua kwangu, mlangoni ni kwangu mwezi unaokuja. Mutafute tu maneno ya kunisifu."

Mukarurangwa alikuja moja kwa moja. Mkononi alikuwa na kapu, na ndani ya kapu chombo cha mti cha maziwa, cheupe kwa kusuguliwa, kizuri kama yai. Alikuwa ametoka kuuza siagi iliyokuwa ndani, kwa hiyo kilikuwa wazi. Alisema, "Mwaramutse, mama," na kabla Adolphine hajaitikia salamu, mkono wake ulikuwa umeshafanya kazi yake.

Konzi nzima ya ndagala ikatua ndani ya chombo cha maziwa.

Si kwamba hakujua. Kila mtu wa Baraka alijua kwamba watu wa milimani siku zile hawali samaki, na chombo kilichoguswa na samaki hakiguswi tena na maziwa. Adolphine alijua tangu utotoni. Mkono ndio haukujua. Na hapo, kama angesema neno moja la adabu, labda mambo yangekwisha. Lakini yule alikuwa Adolphine.

"Eh, si uoshe, mama? Samaki si sumu. Sisi tunakula na tunanenepa, utuangalie!"

Soko likacheka. Watu wa milimani hawakucheka. Mukarurangwa alikitoa chombo kapuni kwa mikono miwili, akakilaza juu ya mkeka wa Adolphine taratibu, kama unavyolaza mtoto aliyeshikwa na usingizi.

"Hiki kilikuwa cha mama yangu," alisema. "Sasa ni chako."

Akageuka akaondoka, na wenzake wote nyuma yake. Hawakununua chumvi, wala unga, wala mawese, wala kipande cha sabuni.

Alhamisi iliyofuata karanga zilimenywa kwa kishindo.

"Umewapa matabishi mbele, nao wakaenda mbele!" alisema Pulchérie. "Mi nilisaga vikapu vitatu kwa ajili yao. Vitatu! Sasa nimpe nani, mbuzi?"

Adolphine akainamia karanga zake.

Anastasie hakupaza sauti. "Watashuka tena mara moja mbele ya mvua, Jumamosi ya wiki ijayo. Wakipitia soko lingine, ni sisi saba tumepoteza. Adolphine, kama hawakurudi, usahau mlangoni. Utakaa nafasi ya mwisho kabisa, kule nyuma."

Kule nyuma palikuwa upande wa njia ya mlima, hapana paa, pana mbuzi wanaongoja kuuzwa. Hakuna aliyewahi kukaa pale kwa kupenda.

"Nifanye nini sasa?" aliuliza Adolphine.

"Uwaendee. Useme nimekosa. Halafu ufunge mudomo."

"Niufunge na nini?"

"Na meno."

Alipofika nyumbani akamkuta Norbert ameinama katika mtumbwi wake, anachota maji kwa chombo cha maziwa.

"Baba Roger! Weka ile kintu chini!"

"Ni kikombe ya muti tu."

"Ni ya mama ya muntu!"

Norbert akanyooka polepole. "Tangu lini we unaheshimu mama ya muntu? Yangu ulimufunga mudomo na kiazi."

Adolphine akamnyang'anya. Alikisugua chombo kwa majivu, akakisugua kwa limau, akakifukiza kwa moshi wa majani makavu, akanusa. Samaki. Akarudia yote. Samaki tena.

"Haitoki," alisema, karibu kulia.

"Si chombo," alisema Norbert. "Ni mikono yako. Miaka makumi mbili na mbili mi nalala pembeni ya ndagala."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Nafasi ya kusema iko wapi mu hii nyumba?"

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini Adolphine alikaa chini pale pale mchangani, na akakaa. Miaka ishirini na mbili, mwanamume amelala na neno moja kinywani, hakupata mahali pa kuliweka. Sasa je, wale wanunuzi wote waliocheka wakaondoka, nao walikuwa na neno gani?

Siku saba hakugusa samaki. Norbert alianika ndagala mwenyewe, akizigeuza kwa kijiti kama mtu anayeogopa nyoka, majirani wanapita wakimwita "mama Norbert." Adolphine aliosha mikono kwa limau mpaka ngozi ikawasha.

Ijumaa, kabla ya siku ya soko, aliondoka alfajiri na chombo mkononi na fungu la chumvi kichwani. Aliwakuta saa sita chini ya mlima, mahali wanapopumzisha ng'ombe. Mukarurangwa alikuwa anamsugua ndama mgongo kwa majani.

"Mama Mukarurangwa," alisema Adolphine, "nimekosa."

Akafunga mdomo kwa meno.

Mukarurangwa aliendelea kusugua. Muda uliopita ungetosha kuuza kapu zima. Adolphine alisikia maneno yakimpanda kooni, maneno mazuri, ya kuchekesha, na kila moja alilimeza lilivyokuja. Hatimaye yule mama alisogea, akainua uso kidogo kama anayepima upepo.

"Leo hunuki samaki."

Majibu matatu yalikuja, yote makali. "Siku saba," alijibu tu.

"Chombo hakirudi kwenye maziwa."

"Najua. Nilikiosha tu kwa sababu ni cha mama yako."

Mukarurangwa alikipokea, akakizungusha mikononi, akakirudisha. "Basi mkitie kitu kikavu. Kisikae bure."

Ndipo Adolphine akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia mnunuzi tangu azaliwe. Aliuliza.

"Kwenu, mama, matabishi ni nini? Mi niwape nini mbele?"

Mukarurangwa alimwangalia kuona kama ni mzaha. Hakuona mzaha. Akamwonyesha ndama. "Huyu. Mtie chumvi kidogo kiganjani, umpe kwanza. Akilamba, tunanunua."

Adolphine akafungua fungu lake, akatia chumvi kiganjani, akanyoosha mkono kwa heshima kubwa. Ndama akasogea, akanusa, akapiga chafya kubwa, akajifuta pua kwenye kitambaa cha Adolphine.

Wachungaji waliokuwa karibu walicheka mpaka fimbo zikawaanguka. Mukarurangwa naye akacheka, mkono mdomoni. "Wewe umeoga, mama. Chumvi yako bado."

Na ilikuwa kweli. Miaka yote gunia la chumvi lilikuwa linalala bega kwa bega na kapu la ndagala. Adolphine aliona sasa, wazi kama mchana, kwamba limau haitatosha. Ama samaki, ama chumvi. Baba yake alikuwa mvuvi, mume wake mvuvi, yeye mwenyewe alijulikana kwa ndagala kuliko kwa ubatizo. Alisimama pale na chafya ya ndama kwenye kitambaa, akafikiri kidogo tu, maana hakuwa mtu wa kufikiri sana.

"Kesho mje," alisema. "Mkifika kwanza mnione mimi. Nitakuwa nyuma, kwa mbuzi."

Aliporudi Baraka alikwenda moja kwa moja kwa Pulchérie. "Shika ndagala za Norbert. Anayenunua unga anatafuta mboga, we unajua. Kuanzia leo ni zako kuuza."

"Unaumwa?" aliuliza Pulchérie.

Adolphine alikuwa na jibu. Akalimeza na hilo.

Jumamosi alikuja na gunia jipya, bado limeshonwa kamba yake ya dukani, akalifungulia kule nyuma kwenye njia ya mlima, mbali na mitumbwi na kila kitu chenye magamba. Mbuzi wakamwangalia. Watu wa milimani wakashuka, ndama mbele. Adolphine akasema "Mwaramutse," taratibu, akangoja aitikiwe mpaka mwisho, halafu akanyoosha kiganja.

Ndama akanusa. Wanawake sita wa Kikundi cha Karanga walikuwa wameacha meza zao wamesimama wakichungulia, Pulchérie mbele yao na unga puani. Ndama akalamba mara moja. Akalamba tena. Akaanza kulamba vidole, kiganja, mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Tupimie," alisema Mukarurangwa.

Walinunua gunia karibu lote. Na walipomaliza wakaingia soko zima, na vikapu vitatu vya unga wa Pulchérie vikapata wenyewe.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Anastasie aliuliza kama kawaida, akitegemea kujibiwa kama kawaida. "Neno la kujinyoosha, yaya?"

"Niko nalo," alisema Adolphine, na mikono yote uani ikasimama. "Mi nilifikiri mudomo wangu njo unauza. Kumbe bantu balikuwa bananunua bakiuvumilia. Sasa nauliza mbele, nasema nyuma." Akatazama karanga zake. "Ni kazi ya nguvu sana. Jana nilimeza maneno saba. Moja ilikuwa juu ya Pulchérie, na ilikuwa tamu, mungesikia!"

Walicheka, halafu wakapiga kura. Safari hii hawakutumia sahani. Mbele ya Adolphine palikuwa na chombo cheupe cha mti, kile cha mama yake Mukarurangwa, na karanga ziliangukia humo moja baada ya nyingine, kavu, zikilia tik, tik. Zilikuwa sita. Ya sita Pulchérie aliitia akiangalia pembeni, kana kwamba imemponyoka.

"Mlangoni ni kwako," alisema Anastasie.

Miaka mitatu aliingoja sauti ile. Adolphine akazichukua karanga zile, akazipima kiganjani.

"Mlangoni panafikia mitumbwi," alisema. "Panafikia samaki. Ndama wangu watapiga chafya. Munipe nafasi ya mwisho, kwa mbuzi."

Godelieve akaanza kucheka, na wote wakafuata, maana waliona sasa: mtu anayeshuka kutoka mlimani, ile nafasi ya mwisho ndiyo ya kwanza kwake.

Mlangoni akapewa Pulchérie na ndagala zake. Alikaa chini ya paa kama mke wa mfalme, akaona kwamba ni pazuri kweli, ila tu kila mara alikuwa anageuza shingo kuangalia kule nyuma, ambako watu wa milimani walikuwa wanazidi kuongezeka, na kichwa cha Adolphine kilikuwa kinaonekana katikati ya pembe.

"Adolphine!" alipaza sauti Jumamosi moja, soko zima likisikia. "Hata ng'ombe wanakulamba mikono sasa! Norbert anasemaje?"

Adolphine alifungua mdomo. Watu wakasogea wasikie. Jibu lilikuwepo, lilionekana machoni, limeiva kabisa. Akaufunga. Akachota chumvi kidogo, akavuka soko lote nayo kiganjani, akamtilia Pulchérie katika kapu la unga.

"Matabishi," alisema. "Neno lenyewe nitakuletea Alhamisi."

Na akalileta.